Ramani haioni lori

Kwenye ramani ya matumizi ya ardhi, jiji la Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, ni doa dogo jekundu lililozungukwa na kijani na manjano. Kijani ni migomba, kahawa na mikaratusi. Manjano ni malisho. Bonde la Mto Rwizi, unaopita jijini humo, lina ukubwa unaokaribia kilomita za mraba 8,000, na sehemu kubwa mno ya eneo hilo ni shamba au machunga. Mwoneshe mtu ramani hiyo, umuulize ni nani anayeumaliza mto huu, naye ataweka kidole penye kijani. Wakulima ndio wengi, basi wakulima ndio wenye kosa.

Hesabu za kitaalamu nazo huelekea huko huko. Bonde hugawanywa miraba midogo, kila mraba ukapewa alama ya hatari kwa kutazama kilichomo. Kinamasi kizima hupata alama ndogo, kinamasi kilichokatwakatwa na mashamba hupata kubwa zaidi, mteremko uliolimwa bila makinga maji vivyo hivyo. Kisha alama hujumlishwa na ramani ikapakwa rangi. Njia hii ina faida yake na sina ugomvi nayo, maana inaonesha pale ambapo udongo utaporomoka na maji yatachafuka. Inachoshindwa kuonesha ni kilichomfanya mkulima apande mlimani au ashuke kinamasini. Picha ya setilaiti hupigwa kutoka juu, na lori lililobeba mikungu ya matoke, yaani ndizi za kupika, kutoka wilaya jirani ya Rwampara halina rangi yake humo. Wala tangi la maziwa, wala fuso la mchanga, wala pikipiki yenye magunia ya makaa. Kwa maoni yangu, mji unaokua katika bonde la wakulima huleta madhara yake makubwa kupitia vyombo hivyo, miaka mingi kabla lami na mabati havijafika ukingoni mwa mto.

Rwizi huanzia katika vilima vya Buhweju, ambako vinamasi vyembamba vimelala kati ya kilima na kilima. Hushuka kupitia Sheema, hupokea vijito kutoka Bushenyi, Ntungamo na Rwampara, hupita Mbarara, halafu huingia nchi kavu ya ng'ombe ya Isingiro na Kiruhura. Huko huungana na mfululizo wa maziwa madogo na vinamasi, Nakivale, Mburo na Kachera, kabla ya maji yaliyobaki kuelekea Ziwa Viktoria. Kwa hiyo Mbarara imekaa katikati. Ina watu juu yake wanaoilisha, na ina watu chini yake wanaokunywa mabaki yake.

Simama jioni kando ya barabara inayotoka Mbarara kwenda Masaka. Malori ya matoke hupita moja baada ya jingine, mikungu imepangwa wima hadi juu ya bodi na kufunikwa majani ya mgomba. Tumezoea kuyaona kama neema, na kwa mwenye shamba ni neema kweli, kwa sababu ndiyo karo ya shule na ndiyo dawa. Lakini tuuangalie mkungu wenyewe. Ndani yake mna maji, wanga na potasiamu nyingi sana, kwa maana mgomba huivuta potasiamu udongoni kuliko mazao mengi mengine. Zamani mkungu ulipoliwa hapo hapo kijijini, maganda yalirudi chini ya mgomba au yalikwenda kwa mbuzi, na mavi ya mbuzi yakarudi chini ya mgomba. Mkungu unaopanda lori haurudi. Kila safari huondoka na sehemu ya kilima.

Rutuba hiyo huishia wapi? Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni mabaki ya chakula, na maganda ya matoke ndiyo yanayojaza magunia. Kwa zaidi ya miaka 20 taka hizo zilirundikwa Kiteezi, nje kidogo ya jiji, hadi zikawa mlima. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima ule uliporomoka na kufukia nyumba za majirani, na zaidi ya watu 30 walikufa. Niliumia sana siku zile, na bado naumia. Nilipotazama picha za watu wakichimbua ndugu zao kwenye tope jeusi, niliwaza kwamba tope lile lilikuwa rutuba ya wilaya zetu, iliyolipiwa nauli ya kwenda na haikuwahi kulipiwa nauli ya kurudi.

Huku nyuma shamba linachoka. Mgomba usiolishwa hutoa majani machache, na majani machache maana yake ni kivuli kidogo na matandazo haba. Mvua ya Machi inapiga udongo mtupu na kuuchukua. Mwenye shamba, akiona mikungu imekuwa midogo na dalali wa matoke hamtazami tena, hufungua shamba jipya. Ardhi iliyobaki iko sehemu mbili tu, kule juu kwenye mawe ambako babu yake alichunga, au kule chini penye mafunjo. Vyovyote atakavyochagua, mraba wake kwenye ramani utabadilika rangi, na atakayeandikwa kuwa mharibifu ni yeye.

Mwaka jana nilikaa nusu siku kwenye tanuru la matofali katika kinamasi kimoja nje kidogo ya jiji. Udongo wa mfinyanzi unachimbwa pale pale, unakandwa kwa miguu, unatiwa kwenye kalibu ya mbao, na matofali mabichi yanaanikwa chini ya nyasi ili jua lisiyapasue. Yakikauka hupangwa kama nyumba isiyo na mlango, matundu ya moto yakaachwa chini, kisha magogo ya mkaratusi huwashwa na kulishwa usiku na mchana. Mikaratusi yenyewe imepandwa ukingoni mwa kinamasi hicho hicho, na wanaoipanda wanajua wazi kwamba hunywa maji na kukausha ardhi. Mashimo yaliyochimbwa hubaki yamejaa maji ya kijani. Mafunjo hayaoti tena humo. Nilitembea kwenye tuta jembamba kati ya shimo na shimo, na kila hatua ilitoa mlio wa tope.

Mwenye tanuru aliwahi kuwa askari, na Kiswahili alikitoa jeshini, kama wengi wa rika lake hapa Uganda.

"Kaka, mimi si mtu wa tope," aliniambia. "Nilikuwa na migomba Nyakayojo. Nikakata viwanja viwili vya hamsini kwa mia, nikauza. Watoto wakaenda shule. Halafu nikauza vingine viwili. Sasa nikilima pale nalima uchochoro."

Hamsini kwa mia ni futi, kipimo ambacho kila Mganda anayetafuta ploti anakijua. Na simulizi ya mzee huyo ndiyo simulizi ya mji mzima. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao 69,000 Mbarara. Ya 2014 ilikuta kama 195,000, na ya 2024 ikavuka 260,000. Sehemu ya ongezeko lile la kwanza ilitokana na kalamu tu, pale mipaka ya manispaa iliposogezwa ikameza Nyakayojo, Kakiika na Biharwe, sehemu zilizokuwa vijiji kamili. Julai 2020 manispaa ikawa jiji, pamoja na Gulu, Mbale, Jinja, Masaka, Arua na Fort Portal. Siku mpaka unaposogezwa hakuna mgomba unaokatwa. Kinachobadilika ni bei. Shamba lililokuwa na thamani ya mikungu yake linaanza kuwa na thamani ya barabara inayokuja, na dalali wa viwanja anafika kabla ya mpima ardhi. Mkulima anayeuza hatoweki duniani. Anachukua fedha zake, anatafuta ardhi ya bei ndogo, na ardhi ya bei ndogo ni ile ya mteremko mkali au ya kinamasi. Mji ukimeza ekari moja ya migomba ya tambarare, ekari nyingine inafunguliwa mahali pabaya zaidi, kilomita 40 kutoka hapo, na hakuna daftari linaloziunganisha ekari hizo mbili.

Nilimuuliza mzee matofali yake yanakwenda wapi. Hakujibu kwa maneno. Alielekeza kidevu upande wa mji.

Sasa tuangalie maji yenyewe yanafanywa nini. Kinamasi cha mafunjo hupunguza mwendo wa mto, udongo ukapata nafasi ya kutuama, na mizizi ikanyonya naitrojeni na fosforasi iliyotoka mashambani. Kisha huyatoa maji polepole wakati wa kiangazi. Ukikikata na kukichimbia mifereji, mto hupata homa za vipindi. Wakati wa mvua unafurika ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, na ikifika Julai unakonda hadi mawe yaonekane. Huo ni upande wa shamba. Upande wa jiji ni mabati, lami na yadi za saruji zinazomwaga mvua yote mtoni ndani ya dakika chache, na pamoja na mvua hiyo mafuta ya gereji, sabuni za waosha magari, damu ya machinjio na vyoo vya shimo vilivyojaa.

Watu huzihesabu hatari hizi mojamoja, ya shamba kwa wizara moja na ya jiji kwa idara nyingine. Mto unazipokea pamoja. Maji taka ya Mbarara yangekuwa na madhara madogo zaidi kama Rwizi ingebaki na ujazo wake wa kiangazi, kwa sababu mto mkubwa huyazimua. Lakini ujazo ule ulipotea Buhweju na Sheema vinamasi vilipokaushwa, na vilikaushwa kwa sehemu kubwa ili jiji lipate maziwa, matoke, mbao na matofali. Hivyo jiji linautia mto sumu kidogo, na wakati huo huo limekwisha kuupunguzia nguvu ya kuihimili. Hesabu ya kujumlisha alama za miraba hailioni jambo hili, kwa kuwa mraba wa Buhweju na mraba wa Mbarara zimetenganishwa na siku nzima ya safari ya maji.

Nami nikiri kwamba si kila kovu la Buhweju ni la Mbarara. Kule kuna chai inayokwenda kuuzwa nje ya nchi na viwanda vyake vinavyokula kuni, na kuna vijana wanaochimba dhahabu kwa sururu kwenye mabonde. Soko la dunia nalo lina lori lake.

Ukame wa mwaka 2016 na 2017 ulipoishusha Rwizi, wakazi wa Mbarara walionja maana ya kuutegemea mto mmoja. Jibu lililokuja ni mradi wa kuvuta maji kutoka Mto Kagera, Nshungyezi wilayani Isingiro, kwa fedha za mkopo kutoka Ufaransa, ili yahudumie Isingiro na Mbarara. Siupingi mradi. Watu wa Isingiro wamebeba jerikeni kwa vizazi, na kama kuna waliostahili bomba ni wao. Lakini tuelewe ulichomaanisha kwa Mbarara. Jiji limefika mahali ambapo bonde lake halilitoshi, nalo linanyoosha mkono kwenye bonde la pili. Kampala ilitangulia kwenye njia hiyo. Mfereji wa Nakivubo humwaga maji ya katikati ya jiji katika Ghuba ya Murchison, kilomita chache tu kutoka Ggaba ambako jiji hilo hilo huchota maji ya kunywa. Mafunjo yaliyokuwa yakichuja yaligeuzwa mashamba ya mayuni na miwa, maji yakazidi kuwa mazito, dawa za kuyasafisha zikaongezeka, na mwishoni kikajengwa kituo kipya Katosi, mbali upande wa mashariki, mahali ambapo ziwa bado ni safi. Mwenye fedha huhamisha bomba. Mwenye kuishi chini ya mto hana pa kuhamishia ziwa lake.

Upande wa mashariki, chini ya Mlima Elgon, hesabu hii ililipwa kwa roho za watu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo ndani ya Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Juu ya Mbale miteremko imelimwa kahawa, migomba na vitunguu hadi mahali ambapo mtu analima akiwa ameshika mti. Ndani ya Mbale nyumba zimesogea hadi kwenye kingo. Chini ya Mbale kinamasi cha Namatala, ambacho hupokea pia maji kutoka kwenye mabwawa ya maji taka ya mji, kimegeuzwa mashamba ya mpunga. Mji ule umebanwa kati ya mlima usioshika maji na kinamasi kisichoyapokea.

Sheria tunazo. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inasema serikali inashikilia maziwa, mito na ardhi oevu kwa dhamana ya wananchi. Kanuni za mwaka 2000 zinaweka ukanda wa hifadhi wa mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kwa mingine. Hata hivyo ardhi oevu, iliyofunika zaidi ya asilimia 15 ya nchi mwaka 1994, imeshuka hadi karibu asilimia 13, na iliyobaki nzima isiyoguswa ni kama asilimia 9 tu. Utekelezaji unapokuja huja kwa buldoza, kama ilivyokuwa kwenye kinamasi cha Lubigi, Kampala, mwaka 2024, na unamkuta mtu wa mwisho kabisa katika mlolongo, yule aliyekwisha kusukumwa mara moja na bei ya ardhi. Mita 100 ni kinga nzuri dhidi ya jembe lililo ukingoni. Haina la kusema juu ya kilima kilichonyonywa rutuba kilomita 30 kutoka mtoni, wala juu ya mnunuzi wa tofali aliyekaa sebuleni mwake akiunga mkono operesheni ya kuwafukuza wafyatuaji.

Najua lipo jibu, nami nalichukulia kwa uzito. Wataniambia kwamba Uganda ilikuwa na watu milioni 9.5 mwaka 1969 na sasa ina milioni 45.9 kwa sensa ya 2024, kwamba hata bila mji hata mmoja vilima vingejaa, na kwamba bora watu waende mjini wapungue mlimani. Kuna ukweli hapo. Nyumba ya ghorofa inaweka familia kumi kwenye ardhi ya familia moja, na mshahara wa mjini umewanusuru wengi wasigawane robo ekari ya baba yao. Lakini kuhamia mjini hakumpunguzii mtu njaa ya matoke. Kunamwongezea. Kijijini alikula alichopanda, alijenga kwa udongo na fito, alikunywa maziwa ya ng'ombe wake, na taka zake zililiwa na shamba. Mjini anakula kilichosafirishwa, anajenga kwa tofali la kuchoma, anapikia makaa, na taka zake zinapelekwa jaani. Idadi ya watu ikibaki ile ile, mto utaelemewa zaidi kwa sababu mzunguko umekatwa.

Kwa hiyo ninachokidai kinaanzia mjini. Nimeisoma bili yangu ya maji mstari kwa mstari. Kuna yuniti, kuna ada ya huduma, kuna VAT. Hakuna mstari wa Buhweju. Nataka uwepo, na uwe mdogo kiasi ambacho hata mpangaji wa chumba kimoja hataumia, huku viwanda vya maziwa na vya vinywaji vikilipa kwa wingi wa maji vinayotumia. Fedha hizo zisiingie kwenye kapu kuu ambamo kila kitu hupotea. Zishikwe na kamati ya bonde, pamoja na ofisi ya kanda ya maji ya Viktoria ambayo tayari iko hapa hapa Mbarara, na zilipwe kwa mwenye kinamasi kule juu anayekubali mafunjo yabaki, na kwa mwenye mteremko anayechimba makinga maji na kuyatunza. Alipwe kila msimu baada ya kukaguliwa, kama anavyolipwa mwenye maziwa baada ya kupimiwa. Mkulima anaelewa biashara kuliko anavyoelewa semina. Amekwisha kuhudhuria semina nyingi, akapewa soda na kofia, akarudi kwenye shamba lile lile lenye deni lile lile.

La pili ni maganda. Mbarara ilikuwa miongoni mwa manispaa zilizojengewa mtambo wa mboji chini ya mpango wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na wetu uko Kenkombe. Wazo lilikuwa sahihi kabisa. Malori yanayoshusha matoke sokoni hurudi vijijini matupu, au na kreti za bia. Gunia la mboji kwenye lori linalorudi tupu halihitaji nauli kubwa, na ningependa kuona halmashauri ikikaa na chama cha wenye malori kwa siku moja tu kulizungumza hilo. Mama mmoja wa Rwampara aliniambia mboji ya mjini ina vipande vya chupa na nailoni, ndiyo maana hawaitaki. Ana haki. Maganda yatenganishwe sokoni na hotelini, kabla hayajachanganyika na taka nyingine, na hapo atanunua.

Kuhusu tofali, jiji linatoa vibali vya ujenzi, na anayetoa kibali anaweza kuuliza tofali linatoka wapi. Tofali la kushindiliwa kwa mashine, la udongo wa kawaida na saruji kidogo, halihitaji kuni wala kinamasi. Majengo ya serikali yaanze.

Na bado nina wasiwasi na wale ambao hawatakuwepo kwenye kikao chochote kati ya hivi. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na ni ya zamani kuliko Uganda huru. Leo yana watu zaidi ya laki moja na nusu, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ni sehemu mojawapo ya nchi hii ambapo unaweza kuamka, kununua, kugombana na kusali kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku. Ziwa lao halina kina, na udongo wa bonde zima unashuka kuelekea huko. Hawapigi kura Mbarara wala Isingiro. Wao pia wamefyeka ufukwe na kulima hadi majini, hilo halifichiki, kwa sababu kipande cha ardhi walichogawiwa hakitoshi familia. Lakini tope linalotoka Rwampara hawakulilima wao.

Nilikwenda huko mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimepamba moto. Mama wa Kikongo, mtu wa Kivu, alikuwa amepanga jerikeni sita kivulini kando ya nyumba, zote zimefunguliwa vifuniko, na hakuna aliyezigusa. Nilidhani zinasubiri mtu wa kuzibeba. Mjukuu wake alikuja na kikombe, bibi akamzuia kwa mkono.

"Bado, mwanangu," alimwambia. "Mbele ya kunywa, lazima maji ilale kwanza."

Nikamuuliza yanalala muda gani. Akasema alipofika hapa, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kwa mvua kama hii yalilala mpaka chungu cha maharage kiive. Siku hizi yanalala mpaka kesho. Aliinua jerikeni ya mwisho, akaiinamisha taratibu juu ya sufuria, na alipofika robo ya chini akasimama. Robo ile ilikuwa tope zito, jekundu kama udongo wa barabara ya Rwampara. Akaimwaga kwenye mche wa mgomba aliokuwa ameupanda nyuma ya jiko.

"Hii nayo ni mbolea," akasema, akaenda kuisuuza jerikeni.